Likelemba ya Vidole

Nikuambie kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia watu wanadhani naongeza chumvi: mama yangu alikataliwa kwenye karatasi ya polisi juu eti hana vidole. Vidole anavyo. Vyote kumi viko, na kwa vidole hivyo hivyo ndiyo tumekula, tumevaa, tumelipa nyumba hapa Overport, Durban, tangu tumefika. Lakini pale kwenye karatasi, mahali kila mtu anaacha mistari yake, mama aliacha madoa kumi meusi, laini kabisa, kama mtu amechapa mayai.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo nitaruka.

Mdogo wangu Carmel alikuwa na miaka kumi, Grade 5, na ana ile damu ya SS, selimundu. Kwetu Wakongo ukisema tu SS, kila mtu anatikisa kichwa. Baridi ikimshika, au akichoka sana, mifupa inaanza kumuuma mpaka tunakimbia hospitali. Kwa hiyo Carmel ni yule mtoto wa kuachwa. Mwaka wa nyuma wenzake walienda kulala camp, yeye akabaki dirishani anahesabu teksi. Halafu 2013 shule ikatangaza tena: siku tatu South Coast, karibu na bahari, kulala kwenye vibanda vya mbao, kuchoma marshmallow, zile peremende laini kama pamba, kwenye moto. Carmel hakuwahi kuona marshmallow. Lakini hilo neno alilisema wiki nzima, mpaka akiwa anapiga mswaki.

Mwalimu wake, Miss Govender, alimwita mama akamwambia bila kuzunguka: mtoto anaweza kuenda, lakini mzazi wake awe naye mchana na usiku, mtu anayejua dawa zake na anayejua maumivu yakianza yanaanzaje. Papa yetu anaendesha lori, Zambia, Lubumbashi, kurudi, kuondoka tena. Tunamwona zaidi kwenye simu. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, na shule inataka mtu wa ishirini na moja kuenda juu. Basi akabaki mama peke yake.

Kwenye mkutano wa wazazi mama alinyoosha mkono kabla mkuu wa shule hajamaliza kusema. Ndiyo akamaliza: kila mzazi atakayelala na watoto lazima alete karatasi ya polisi inayoonyesha hana kesi, hajafungwa, hajawahi kudhuru mtoto wa mtu. Ukumbi wote ukaguna. Jirani yetu Mumtaz, ambaye mtoto wake Yaaseen anasoma na Carmel, alikuwa kiti cha pembeni. Wazee wa Mumtaz walitoka upande wa Zanzibar zamani sana, yeye ni mtoto wa mtaa wa Chatsworth kabisa, na Kiswahili chake kinakuja kwa vipande. Alinong'ona kwamba babu ya babu yake amezikwa hapa Durban, sasa hao watu wanataka kujua nini tena.

Mama hakuguna. Njiani kurudi alikuwa karibu anaruka, robot, taa ya barabarani, inawaka nyekundu na yeye anataka kuvuka. Aliniambia tangu tumeingia nchi hii, kila ofisi inamwomba aonyeshe kwamba yupo. Hii ni mara ya kwanza wanamwomba aonyeshe kwamba ni mtu mzuri.

"Na mimi niko mtu mzuri, Hardy," alisema. "Waangalie mpaka wachoke."

Sasa hapo ndiyo tukafanya kosa letu. Mama ni mtu wa Bukavu, na kwao mtu haendi mbele ya serikali akiwa mchafu. Kiatu kinang'aa, kitenge kimepigwa pasi, mikono haina hata harufu ya kitunguu. Na mama anasuka nywele saluni, mikono ya msusi wewe unaijua: dawa ya nywele, rangi, gel, na yale maji ya kuchemka wanayochovya ncha za nywele ili zisifunguke. Mama akachukua beseni, akamimina Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, akachukua lile jiwe la kusugulia visigino, akasugua vidole. Alisugua kama anasugua sufuria ya foufou iliyoungua. Vilitoka vya pinki, safi, unaweza kuvitia mdomoni. Akavaa kitenge cha Pasaka, tukaenda kituo cha polisi, akachapwa vidole vyote kwa wino, akasema asante mpaka na kwa mlinzi wa geti.

Halafu kusubiri. Mi nilikuwa nafanya kazi duka la simu, mlango kwa mlango na saluni anayosukia mama, basi muda wote simu iko sikioni. Nilipiga ofisi inayoshughulikia hizo karatasi mpaka muziki wao wa kusubirisha watu nikaujua wote, na wateja wangu wakaujua, na mmoja akaniuliza kama naweza kumwekea iwe ringtone. Siku ile ya jibu nilikuwa nimesimama juu ya kiti natafuta network. Mwanamke akaniambia, kwa upole kabisa, hakuna kesi yoyote, hakuna ubaya wowote, ila hizo alama hazisomeki. Hawawezi kusema huyu mtu ni nani. Aanze upya.

Miss Govender alisikitika, ilionekana usoni. Lakini alisema bila karatasi mama hapandi basi, na bila mama Carmel hapandi, na tarehe ya mwisho haisogei. Carmel alikuwa amepanga begi lake tangu Julai, liko chini ya kitanda. Jioni ile alilivuta, akatoa nguo ya kuogelea, akaikunja, akairudisha kabatini. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Kesho yake tukarudi kituoni. Mara hii mama wa polisi aliyekuwa kaunta alimshika mama mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza anafanya kazi gani. Mama akasema anasuka. Yule polisi akacheka kidogo, akasema wanawaona wengi, wajenzi wa matofali, wafua nguo, kazi inakula mistari. Mistari inarudi yenyewe, alisema, lakini mikono ipumzike. Wiki mbili. Hakuna dawa, hakuna maji ya moto, hakuna kusuka. Mi nikamuuliza kuhusu Jik na jiwe. Alimwangalia mama, akafunga macho kidogo, akasema: "Eish, mama."

Wiki mbili bila kusuka. Mwambie samaki apumzike kuogelea. Na ilikuwa Septemba, siku za watu kujipamba, na juu ya hapo kuna harusi: Jeancy, msichana anayesuka kwenye kiti cha tatu pale saluni, anaolewa na Pacifique, na mama ndiye marraine, msimamizi wake. Mama alirudi saluni akakaa kwenye kiti cha wateja, akawaambia wenzake basi, imeshindikana, Carmel atazoea.

Mwenye saluni ni Mama Benedicta. Mwili mkubwa, sauti kubwa, akiongea na simu mi nasikia duka la pili. Hao mama za saluni kila mwezi wanacheza likelemba: wote wanachanga, mmoja anakula, mwezi ujao anakula mwingine, na hakuna anayekataa kuchanga juu kesho zamu ni yake. Mama Benedicta alisimama katikati na kitana mkononi.

"Mwezi huu hatuchangi pesa, tunachanga vidole," alisema. "Zamu ya kula ni ya Mama Hardy."

Maana yake: kila mteja wa mama, mmoja wao atamsuka, na pesa inabaki ya mama. Mama alitaka kubisha. Wakamzomea kwa upendo, wakapaka mikono yake Vaseline mpaka kwenye kiwiko, na nikatumwa nyumbani kuleta soksi. Soksi za Carmel hazikumtosha. Nikaleta zile za papa za lori, za sufu, nene, nyekundu na kijivu.

Jamani, zile siku. Mama anatembea Overport na soksi mikononi kama bondia. Mteja mmoja alitoka mbali, Queensburgh, hataki kuguswa na mtu mwingine, anamtaka mama tu. Mama akasimama pembeni yake akawa anaelekeza kwa soksi, hapa, hapana, hapa, mpaka yule dada akacheka akakubali. Nyumbani vyombo ni mimi. Kufua ni mimi. Pondu ni mimi, natwanga majani ya muhogo uani, na wasichana wa flat ya mbele wananichukua video.

Na kila jioni ukaguzi. Carmel anamvua mama soksi, mi nawasha tochi ya simu, napiga picha kidole gumba karibu kabisa, nakuza, tunaangalia wote watatu vichwa pamoja. Nikafungua group ya WhatsApp, nikaiita Vidole vya Mama Hardy, na picha naituma huko. Siku za kwanza hakuna kitu, yai tu. Siku moja nakuza, nakuza, na pale pembeni mwa kidole naona mistari mitatu, minne, imepinda, kama matuta ya shamba ukiyaangalia kutoka juu ya mlima. Carmel alinipokonya simu. Mama akasema ni kivuli. Si kivuli, kesho yake ilikuwa imeongezeka. Mama Benedicta alituma ujumbe wa sauti, vigelegele vitupu mwanzo hadi mwisho, hakuna hata neno. Carmel akarudisha nguo ya kuogelea kwenye begi.

Halafu ikafika Jumamosi ya harusi, na vidole vinachapwa Jumatatu.

Kwetu marraine si mtu wa kusimama tu kwenye picha. Yeye ndiye anamtoa bibi harusi nyumbani. Kichwa, nguo, mpaka machozi, vyote viko mkononi mwake. Jeancy alikuwa ameshasema yeye hana shida, Mama Benedicta atamsuka. Na Mama Benedicta alisuka vizuri, pembeni, nyuma, safi. Lakini mbele Jeancy alitaka ule mtindo wa mama, ile mistari inayozunguka paji la uso na kukutana kama mdomo wa kikapu. Huo hakuna anayeuweza. Mama Benedicta alisuka, akafumua. Akasuka, akafumua. Nje gari linapiga honi, kanisani watu wamekaa, Jeancy anaangalia juu ili machozi yasishuke kwenye poda.

Mama alivua soksi.

Aliziweka kwenye kiti, akatia vidole kwenye gel, akaanza. Saluni yote ilishusha pumzi, mi pia, juu ilikuwa inapendeza. Mstari wa kwanza ulipita kama maji. Na mlango ukafunguka, akaingia Mumtaz na sinia ya sambusa za harusi, Carmel nyuma yake amevaa gauni la njano. Carmel aliangalia soksi kwenye kiti. Halafu aliangalia mikono ya mama.

"Mama, kama hautaki kuenda na mimi, sema tu," alisema. "Nitazoea."

Alisema polepole, si kwa hasira. Mtu akazima dryer. Mama alibaki na mikono hewani, gel inang'aa. Ndiyo Jeancy akaongea, anamwangalia kwenye kioo.

"Mama Hardy, nawa mikono, vaa soksi zako. Nitaenda na kichwa nusu. Pacifique aone mapema anachokioa."

Watu walicheka, lakini cheko lilipoisha kichwa bado kilikuwa nusu, na honi bado inalia. Mumtaz amesimama na sambusa zake hajui aziweke wapi. Na hapo Carmel, huyo huyo, akageuka akaninyooshea kidole.

"Yaya Hardy anajua." Yaya kwetu ni kaka mkubwa, yaani mimi.

Nilitaka ardhi initafune. Sikiliza. Kila Jumatatu mama anatoka mapema, anachukua teksi ya Isipingo kununua nywele na dawa za saluni kwa bei ya huko. Kwa hiyo tangu Carmel yuko Grade 1, kichwa chake cha shule nasuka mimi. Walimu wanamsifu mama, mama anasema asante, na mimi nakaa kimya, juu nina rafiki zangu, nina jina langu mtaani. Na Carmel ni mtoto wa kudai, alitaka mitindo yote, na ule wa kikapu nilijifunza kwenye kichwa chake, mwaka mzima, kwa kufumua na kulia. Yeye ndiye alikuwa analia.

Wanawake wote waliniangalia. Mama Benedicta alikunja mikono kifuani.

"Kumbe tunayo coiffeuse, msusi mwenye ndevu," alisema. "Na inatuuzia airtime."

Nikaweka simu mezani. Nikanawa. Nikasimama nyuma ya Jeancy, na mama, soksi mikononi tena, akaja nyuma yangu, mdomo karibu na sikio. Aliniongoza kama mtu anayelirudisha lori nyuma: kidogo kushoto, simama, chukua nyembamba, sasa zungusha. Nikikaza sana ananigonga bega kwa soksi, ananiambia nisivute, hii si kamba ya mbuzi. Simu ililia, ikalia tena, nadhani hata mara ya tatu, na sikuiangalia. Mistari ilizunguka. Ilikaribiana. Ikakutana pale pale inapotakiwa kukutana, na Jeancy akatoa pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Mama aliangalia kazi kutoka kushoto, kutoka kulia, akasema inaweza kuenda. Wewe humjui mama yangu. Hiyo ni diploma.

Kanisani tuliingia tumechelewa na hakuna aliyekasirika. Kwenye ukumbi marraine alicheza mpaka mwisho na soksi za sufu mikononi, na mashangazi wa Pacifique waliotoka mbali walidhani ni mtindo wa Durban. Kuna picha. Mmoja wao aliuliza zinanunuliwa wapi.

Jumatatu mama hakusugua kitu. Kitenge cha kawaida, viatu vya kazi. Kaunta alikuwa yule yule mama wa polisi. Alifuta gel iliyobaki pembeni mwa kucha kwa spirit, akasema yeye haulizi imetoka wapi, akapaka wino kidole cha kwanza, akakiviringisha taratibu kwenye karatasi, akakiinua. Carmel alikuwa amechukua ruhusa ya asubuhi shuleni, alisimama kwa ncha za vidole vya miguu ili aone juu ya kaunta. Pale kwenye karatasi kulikuwa na mistari, mizunguko midogo midogo, mmoja ndani ya mwingine, mpaka katikati.

Yule polisi akaigeuza karatasi ili mama aone vizuri.

"Sasa kuna mtu hapa," alisema.

Mama akainama juu ya karatasi. Aliomba aguse, akaambiwa wino haujakauka.

Sasa usifikiri iliishia hapo, juu karatasi yenyewe tuliisubiri tena, ikaja siku ya mwisho, ile siku ya mwisho kabisa ya shule kupokea. Kituo kilipiga simu mchana, mvua inanyesha ile ya Durban ya kulala upande. Nikaacha duka wazi, nikamwambia Mama Benedicta aangalie, nikachukua karatasi, nikaitia chini ya shati, nikakimbia. Teksi zimejaa. Nikapanda ule mlima wa shule kwa miguu, robot moja, robot mbili, viatu vinapiga kelele kama vyura. Ofisi ya shule ilikuwa inafungwa. Yule secretary ameshika funguo. Nikatoa karatasi kifuani ikiwa ya moto kama mkate. Akaisoma. Akasoma jina la mama, lote, kwa sauti, halafu ile sehemu inayosema hakuna kosa lolote lililoonekana. Akapiga muhuri. Nilimwomba apige tena nichukue picha, akakataa, nikapiga picha ya muhuri uliokuwepo.

Walipanda basi Jumatano asubuhi. Mama alikaa mbele na begi la dawa, Mumtaz, ambaye karatasi yake ilitoka mapema, nyuma yake anagawa sambusa, Carmel dirishani. Safari hii dirisha lilikuwa linatembea.

Jioni nilikuwa dukani simu iko mkononi, Mama Benedicta na wenzake wamekaa juu ya kaunta yangu kana kwamba ni ya kwao. Picha ikaingia kutoka kwa Mumtaz. Kibanda cha mbao, ngazi, na kwenye ngazi wasichana wamekaa foleni mpaka chini, vichwa wazi. Wa kwanza kwenye foleni ni Miss Govender, amesukwa upande mmoja, amefunga macho kabisa. Nyuma yake mama, vidole kumi ndani ya nywele, hata haangalii camera. Na pembeni ya moto yuko Carmel, blanketi begani, soksi za papa zimepanda mpaka magotini, ameshika kijiti chenye kitu cheusi kimeungua.

Nikauliza kama hana maumivu, kama amekunywa dawa, kama kuna baridi. Jibu lilikuja kwa sauti yake, upepo unapiga nyuma, watoto wanacheka.

"Yaya, marshmallow ni kama kula sabuni," alisema. "Nimekula sita."